UZI: Mimi ni zao la chuo cha maendeleo ya wananchi, kile mnachokiita chuo cha waliofeli. Karibuni tuongee

MamaPili (mwenye uzi)

Wakuu mbukwenyi. Kwa ambao sio wa huku hiyo ni salamu ya Kigogo, itikieni mbukwa maisha yaendelee.

Juzi kuna sehemu nimekuta watu wanabishana mmoja akasema FDC (ndo hicho chuo cha maendeleo ya wananchi) ni mahali pa kuhifadhia watoto waliofeli mpaka wapate akili. Nikacheka, nikakasirika, nikasema ngoja nianzishe uzi wangu kabisa. Nitaandika vipande vipande msinitukane, nipo saiti Nzuguni huku Dodoma, simu naichaji kwenye soketi niliyofunga mwenyewe asubuhi hahaa.

Mimi ni mtoto wa Bahi. 2016 nikiwa form two nikabeba ujauzito. Mnajua mambo ya kipindi kile yalivyokuwa, barua ya kufukuzwa ikatoka nikarudi nyumbani na sanduku la bati na godoro limefungwa kamba. Shule siitaji jina. Aliyenipa mimba nae simtaji maana hata yeye mwenyewe hajawahi kujitaja. Mtoto kazaliwa mimi nikakaa barabarani nauza mchele kwa wanaoshuka kwenye malori na mabasi ya Singida, karibu miaka mitatu na kitu. Naujua mchele wa Bahi kwa kuunusa tu, sijivuni.

Mwisho wa 2020 mama mdogo karudi kutoka mkutano wa kijiji anasema mtendaji katangaza kuna chuo cha serikali kinachukua wasichana walioacha shule, na watoto wao. Nikamuuliza watoto wao wanafanya nini chuoni. Akasema "wanalala, wewe si ndo unasoma". Nilijua wananitania.

Naendelea, mwenye nyumba kafika.

Spana 13

Nipo siti ya mbele. Mama usituache njiani kama basi bovu.

KijanaWaKibaigwa

Mbukwa dada. Uko single?

MamaPili

@KijanaWaKibaigwa nina mume, nina mtoto, na nina tesita mfukoni. Tuendelee.

Nimefika chuoni Januari 2021. Chuo sikitaji jina maana nitasema mazuri yake na mabaya yake na walimu wengine bado wapo. Kitu cha kwanza nilichokiona getini sio darasa, ni mkeka chini ya mwarobaini umejaa watoto, na mama mmoja anawagawia uji. Kumbe ndio kituo chenyewe cha malezi. Unamwacha mtoto saa mbili kasoro unaingia darasani, saa nne unatoka unanyonyesha kama ananyonya, unarudi. Wangu alishakuwa mkubwa lakini alilia siku nne. Mimi nililia wiki.

Utaratibu ni huu. Mradi unaitwa Elimu Haina Mwisho, unaendeshwa na Karibu Tanzania Organization humo humo kwenye vyuo vya serikali. Sekondari unasoma kwa miaka miwili badala ya minne, unafanya mtihani wa maarifa (QT) ule wa kukuruhusu kufanya form four, halafu unafanya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na juu yake unachagua fani ya mkono. Kwaio asubuhi niko na Pythagoras mchana niko karakana, usiku mtoto ana homa. Nani kasema waliofeli wanapumzika?

Sasa kwenye kuchagua fani hapo ndo nataka mnisikilize vizuri.

Wasichana karibu wote tulielekezwa ushonaji, sio kwa lazima, ni ile "nyie wadada mtafaa huku". Mimi nikaomba kwanza nikaone. Nikaingia chumba cha cherehani nikahesabu. Cherehani zinazofanya kazi 9, nyingine zimefunikwa kitenge zinasubiri fundi tangu sijui lini. Wasichana 34. Nikaenda karakana ya umeme, wanafunzi tungekuwa 6 na mimi, na kila mtu ana ubao wake ukutani wa kufungia nyaya. Mimi nimekulia sokoni wakuu, hesabu hiyo haihitaji kalamu. Cherehani moja watu karibu wanne maana yake kwenye masaa manne ya karakana unashona lisaa limoja, matatu unamwangalia mwenzio mgongo. Nikaandika umeme.

Watu waliona nimechagua umeme kwa sababu ya ushujaa wa mwanamke sijui nini. Hamna. Nilifuata ubao.

BibieKondoa

Aisee "nilifuata ubao". Hii hesabu hakuna mtu alinifundisha, mimi nimesoma kozi ya kompyuta (sio huko, chuo binafsi) tulikuwa watu watano mashine moja na wa mbele ndo anashika mausi. Nimemaliza na cheti ila Excel nimejifunza kazini kwa kuaibika.

Mzee wa Mlenda

Mwanangu hongera. Ila mimi swali, tofauti ya hivyo vyuo na VETA ni nini? Maana mtu akisema chuo cha ufundi huku mtaani kwetu Chang'ombe tunajua VETA basi.

TichaMstaafu

Mzee mwenzangu shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Hapo nijibu mimi, nimefundisha kwenye vyuo hivi tangu nina nywele nyeusi.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vimeanzishwa 1975 enzi za Mwalimu Nyerere kwa msaada wa Sweden. Wenzetu wa Skandinavia walikuwa nazo shule za namna hii zamani sana, ya kwanza ilifunguliwa Denmark 1844 kwa mawazo ya mchungaji mmoja anaitwa Grundtvig, kwamba mkulima mtu mzima asome mambo ya maisha yake bila kutishwa na mtihani. Sisi tukalichukua wazo tukalivalisha kijiji cha ujamaa. Kijiji kilikuwa kinachagua mtu, anakuja chuoni kusoma uashi, useremala, kilimo, sayansi kimu, utamaduni, halafu ANARUDI kijijini kwake. Cheti halikuwa jambo. Nimewahi kufundisha baba na mwanae darasa moja, mtoto alikuwa anamtazamia baba yake kwenye hesabu.

VETA imekuja kwa sheria ya 1994, hiyo tangu mwanzo ni mafunzo ya ufundi kwa ajili ya soko la ajira. Sikuhizi vimesogeleana sana. FDC zilikuwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii zikahamishiwa Wizara ya Elimu, na kozi ndefu zinafuata mitaala ya VETA na mitihani yake, kwaio anayetoka FDC na NVA level II (cheti cha ufundi stadi hatua ya pili) na anayetoka VETA na NVA level II karatasi ni ile ile. Vipo 54 nchi nzima. Huku kwetu kati kuna Chisalu kule Mpwapwa, Munguri Kondoa, Singida nako kipo.

Nikiri moja. Kilipoingia cheti, kuna kitu kilitoka. Zamani mtu akija kujifunza kutengeneza mzinga wa nyuki wiki tatu hatumuulizi namba ya form four. Kozi fupi bado zipo lakini wengi hawazijui, na chuo kisipotangaza ni kama hakipo.

Mzee wa Mlenda

Marahaba mwalimu, mimi wa 1961. Sasa mimi nimejenga nyumba za watu huku Dodoma tangu mji haujawa jiji, tofali nalijua kuliko wanangu. Kijana wa juzi ana cheti anakuja kunisimamia. Na mimi naweza kupata hilo karatasi bila kukaa darasani na wajukuu?

Spana 13

Mzee shikamoo. Inawezekana, VETA wana mpango wa kutambua ujuzi ulioupata mtaani, wenyewe wanaita RPL. Unajiandikisha, wanakuja kukupima kwa vitendo, yale mapungufu wanakupiga msasa kidogo halafu unapata cheti. Bro wangu kapita hapo kwenye ufundi magari, alikuwa hajui jina la kitaalamu la kitu hata kimoja ila gari anaisikia kwa sikio. Nenda ofisi zao za Dodoma uulize hawafukuzi mtu.

MamaPili

Nimerudi. Ticha asante sana hiyo ya baba na mwana imenifurahisha.

Niwape siku moja tu ya karakana ili mjue ninachosema kuhusu ubao. Mwezi wa tatu tulipewa zoezi la tuwei, yaani taa moja swichi mbili, ile unawasha mlangoni unazimia kitandani. Kwenye karatasi ni kitu rahisi nilichora nikapata tiki. Ukutani sasa. Mwalimu kanipa boksi mbili, mabomba, waya, akaenda kunywa chai. Nikavuta, nikaunga, nikaita wenzangu waone. Kuwasha, taa ikawaka. Kwenda swichi ya pili kuzima, haizimi. Nikarudi ya kwanza nikazima, nikaenda ya pili kuwasha, hola. Nikaanza kubadilisha nyaya kwa kubahatisha, nyekundu huku nyeusi kule, mara ya tatu PAAH breka ikaruka karakana yote giza na mashine ya jirani zetu wa uchomeleaji ikazima, wakaja kunitukana.

Mwalimu karudi na kikombe chake. Hakunigombeza. Akasema fungua zote, zote, mpaka ubao uwe uchi kama ulivyoukuta, anza. Nilifungua nikafunga mara saba mpaka saa kumi na moja jioni, mtoto yuko mlangoni anakula ndizi ananisubiri. Ya saba ikakubali, na nikajua KWANINI imekubali, kwamba zile waya mbili za katikati zinatakiwa ziongee swichi kwa swichi na moto uingie upande mmoja tu. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu nakuta tuwei imefungwa kimagumashi nasikia ule mlio wa breka.

Mara saba. Mngekuwa wanne kwenye ubao ule ningefanya mara moja na nusu nikaenda kula.

KijanaWaKibaigwa

Nimeacha utani dada. Mabaya ya chuo sasa ulisema utasema.

MamaPili

Yapo ndugu yangu. Vifaa. Waya tulizokuwa tunafanyia mazoezi zimekatwa na kuungwa mpaka zimebaki na urefu wa kiganja, ukitaka mpya ni mchango wa wanafunzi na mama anayeuza mchele mchango anautoa wapi. Mwalimu wa hesabu alihama mwezi wa tano, wa kuja alikuja mwezi wa tisa, katikati tukafundishana. Maji ya bomba siku mbili kwa wiki. Halafu ile dharau ya mjini, nikipanda daladala na sare mtu anauliza "hicho ndo chuo cha akina mama?" kwa sauti ya kila mtu asikie.

Chakula sio baya wala zuri, ni ugali maharage na ukitoka nje ya geti kuna bibi anauza mlenda, ambaye hajala mlenda na ugali wa uwele asije kunieleza kitu kuhusu Dodoma.

Form four nikapata four ya 27. Mnacheka? Chekeni, mimi niliibandika ukutani. Nikabaki mwaka mwingine kumalizia umeme nikafanya mtihani wa VETA nikapata NVA level II.

Nje_ya_Nchi

Nipo Marekani huku nasoma, niwape kitu kidogo. Huku vyuo vya namna hiyo vinaitwa community college, ni vya umma, ada nafuu kuliko chuo kikuu, darasani upo na binti wa miaka 18 na bibi wa miaka 60 na dereva wa lori. Unasoma miaka miwili unapata digrii ndogo wanaita associate, halafu ukitaka unahamisha masomo yako chuo kikuu unaingia mwaka wa tatu. Na huku pia wapo wanaovidharau msidhani. Ila hiyo ya kuhamia juu kwetu ipo? Maana ndo inayofanya mtu asione amefungiwa mlango.

TichaMstaafu

Ipo lakini ni ngazi ndefu. Kuna fani ukifika NVA level III unaweza kuomba kuingia NTA level 4 (ngazi ya cheti cha mwanzo) kwenye vyuo vya ufundi, ndo unapanda kwenda diploma. Sifa zinatofautiana kozi kwa kozi, wengine wanataka na pasi za form four, kwaio mtu asome mwongozo wa NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) wa mwaka husika asisikilize maneno ya kijiweni, pamoja na haya yangu.

Baba Wawili

Habari za humu. Nina kijana yuko hapa Chamwino kamaliza form four kapata ziro. Anashinda amelala na simu. Mama yake anataka arudie mtihani, mimi nataka aende ufundi, yeye mwenyewe anasema anataka kompyuta. Nimeuliza VETA wakaniambia ada kutwa 60,000 na bweni 120,000 kwa mwaka, sio kubwa. Binti nikuulize wewe, nimpeleke wapi na nimsomeshe nini? Nina nguo moja ya kushonea hapa, nikikosea sina nyingine.

MamaPili

Mzee shikamoo. Mimi sitakuchagulia chuo, ila nitakwambia namna ya kwenda kukiangalia.

Usiende Jumamosi, Jumamosi utaoneshwa maua na ofisi. Nenda Jumatano au Alhamisi saa nane mchana, muda wa vitendo, na kijana wako mkononi. Ada usiulize kwanza, hiyo utaikuta kwenye fomu. Omba uingie karakana. Hesabu mashine zinazozunguka, sio zilizopo, ZINAZOZUNGUKA. Hesabu vichwa. Gawanya. Halafu angalia mikono ya wanafunzi wa mwaka wa pili, fundi anayefanya kazi mikono inaonekana. Muulize mwanafunzi mmoja (sio mwalimu) mara ya mwisho umeshika hii mashine lini. Akianza kufikiri, shukuru uondoke.

Na uulize michango mapema, vifaa, sare, buti, mitihani, fildi (mazoezi ya kazini). Ada 60,000 haijawahi kumfukuza mtu chuo, michango ndo imefukuza.

Kuhusu kompyuta sijui, mimi na kompyuta tunaheshimiana tu. Ila kijana aende mwenyewe akaone, asichaguliwe kama sisi na ushonaji.

Spana 13

Naongeza fildi. Mtu uliza chuo kinakupeleka wapi fildi au unajitafutia. Mimi nilijitafutia nikaishia miezi miwili kununua soda za mafundi.

MamaPili

@Spana 13 hahaa na mimi nilinunua soda! Fildi nilifanya hapa hapa mjini, nyumba moja kubwa upande wa Ihumwa. Fundi mkuu akanipa kazi ya kubeba mabomba na kutumwa dukani. Mwezi wa tisa huo, mnajua ardhi ya Dodoma mwezi wa tisa, mvua ya mwisho ilikuwa Aprili. Wamepigilia erthi rodi (ile nondo ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini) wakapima, kipimo kinasoma juu huko hakishuki, na kinatakiwa kisome chini. Wakapigilia ya pili mbali kidogo bado. Fundi anasema kipimo kibovu. Mimi nimekaa juu ya ndoo nasema kwa sauti ya chini, mwalimu wetu alisema udongo mkavu haupitishi moto vizuri, mnachimba shimo mnaweka mkaa na chumvi mnamwagia maji. Wakacheka, huyu wa chuo cha akina mama. Kesho yake asubuhi nimefika nakuta shimo limechimbwa na mfuko wa chumvi ya mawe uko pembeni, hakuna aliyesema kitu. Kipimo kilishuka. Kuanzia siku hiyo soda alinunua mwingine.

Mwalimu wetu alijua lile kwa sababu amefundisha kwenye udongo huu huu. Ticha unaona, ile ya kusoma mambo ya kwenu haijatoka yote.

Mnyausi

Dada swali la mwisho mwisho, hela ipo? Maana hadithi nzuri ila tumbo.

MamaPili

Ipo ila haiko pale watu wanapodhani. Tunalipwa kwa pointi, kila taa kila soketi ni pointi, bei siitaji mtaniharibia soko. Tangu serikali ihamie huku watu wanajenga mpaka vichakani, na vijijini kuunganishiwa umeme ni 27,000 kwaio hata nyumba ya vyumba viwili inataka fundi.

Kinachouma ni muhuri. Mteja akiomba umeme TANESCO anatakiwa nyaya zake zithibitishwe na mkandarasi mwenye leseni ya EWURA (wale wadhibiti wa nishati na maji). Mimi nafanya kazi wiki nzima, mwenye leseni anakuja dakika kumi anapiga muhuri anachukua hela yake. Hili chuoni hatukuambiwa, tulimaliza tukidhani cheti ndo mwisho. Sa hivi naandaa makaratasi niombe leseni yangu mwenyewe. Na tupo wanawake watano tumeunda kikundi tumeomba ule mkopo wa halmashauri usio na riba (unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani), tunataka mashine ya kukatia ukuta na ngazi ya maana, maana ngazi tunayotumia tumeazima kwa fundi wa rangi na yeye anaidai kila Ijumaa.

Baba Wawili

Habari za siku wana uzi. Nimekuja kutoa ripoti, zimepita siku kumi.

Nimezunguka vyuo viwili na kijana, Alhamisi zote mbili, saa nane kama binti alivyosema. Cha kwanza karakana ilikuwa na kufuli, mlinzi akasema mwenye funguo kasafiri. Tukaondoka. Cha pili tumeanza kompyuta, nimehesabu zinazowaka 6, vijana 22. Kijana mwenyewe akagawanya kabla yangu, akaniangalia, hakusema kitu. Tukapita uchomeleaji, mashine 4 vijana 9. Akasimama mlangoni. Mwalimu akamwambia usiangalie moto kwa macho matupu, akampa kinyago akamwita ndani. Nimekaa nje chini ya mti lisaa na dakika ishirini namsubiri. Katoka na shati lina matundu mawili ya cheche, mpya ile ya sikukuu, mama yake bado hajaniongelesha.

Fomu tumechukua.

MamaPili

Mzee hongera sana. Shati lilikuwa la nailoni hilo, ndo maana. Mnunulie ovaroli ya pamba na buti ya ngozi kabla hajaripoti, mitumba ya Sabasaba zipo ukiwahi asubuhi, na suruali ifunike buti kwa nje asiichomekee, cheche ikiingia humo atacheza ngoma ambayo hajafundishwa.

Natoka hewani wakuu, mwenye nyumba kabadilisha tena friji inakaa wapi.